Taa ya injini na msimbo P0420: Usiyahukumu masega kabla ya kuichunguza pikapu yako

TAA ndogo ya manjano yenye umbo la injini inapowaka kwenye dashibodi ya pikapu iliyokwisha kutembea kilomita 300,000, wamiliki wengi hushikwa na wasiwasi. Wasiwasi huo huzidi fundi anapounganisha mashine ya kusomea hitilafu na kupata jibu la herufi moja na tarakimu nne: P0420.

Aghalabu hukumu hutolewa papo hapo. Yuko fundi atakayesema masega yamekufa na ni sharti yanunuliwe mapya, gharama inayoweza kumeza faida ya msimu mzima ya mkulima anayetegemea pikapu hiyo kufikisha kabichi sokoni. Mwingine atapendekeza yang'olewe na bomba tupu lilehemiwe mahali pake. Wa tatu atafuta msimbo huo kwa kubonyeza kitufe, apokee malipo yake, na taa iwake tena baada ya siku chache.

Huenda wote watatu wamekosea, tena kwa sababu moja. Msimbo P0420 si hukumu bali ni ushahidi wa shahidi mmoja tu. Unachosema ni kwamba sensa iliyo nyuma ya masega imeona jambo ambalo kompyuta ya gari haikulitarajia. Jambo hilo laweza kuwa limesababishwa na masega yenyewe, lakini pia laweza kutokana na ekzosi inayovuja, sensa iliyochoka, koili inayokatakata moto au injini inayokula oili. Isitoshe, hata pale masega yanapokuwa yamekufa kweli, mara nyingi kuna kilichoyaua. Asiyemtafuta muuaji atanunua masega mengine na kuyazika vilevile.

Katika makala haya tutatumia mfano wa pikapu inayofahamika vyema nchini: Toyota Hilux ya kizazi cha saba, iliyoanza kutengenezwa 2004, yenye injini ya petroli ya lita 2.7 aina ya 2TR-FE. Injini hii ina silinda nne zilizopangwa katika mstari mmoja, na kila silinda ina koili yake ya moto. Hatua zitakazoelezwa zinafaa pia kwa pikapu nyingine za petroli. Pikapu za dizeli hutumia vifaa tofauti vya kusafisha moshi na hazihusiki na maelezo haya.

Masega ni nini?

Jina rasmi la kifaa hiki ni kataliti konveta, lakini katika gereji za jua kali na kwenye mabango ya wanunuzi wa vyuma kinaitwa masega. Jina hilo limetokana na umbo lake. Ukikipasua, utaona ndani yake tofali la kauri lenye vitundu vidogo vidogo visivyohesabika, mithili ya sega la nyuki. Moshi wote unaotoka kwenye injini hulazimika kupenya humo kabla ya kutoka nje kwa bomba la nyuma.

Kuta za vitundu hivyo hupakwa tabaka jembamba lenye madini ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu. Madini hayo huchochea mabadiliko ya kikemia bila yenyewe kuliwa. Gesi ya kaboni monoksidi, ambayo ni sumu inayoua, hugeuzwa kuwa kaboni dioksidi. Mabaki ya petroli ambayo hayakuungua hugeuzwa kuwa mvuke wa maji na kaboni dioksidi. Nazo oksidi za nitrojeni, zinazodhuru mapafu, hurejeshwa kuwa nitrojeni ya kawaida.

Kazi hiyo ina masharti mawili. La kwanza ni joto. Masega hayaanzi kufanya kazi barabara hadi yafikie takriban nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi, na yakiwa kazini huwa baina ya nyuzi 400 na 800. Sharti la pili ni uwiano wa hewa na mafuta. Injini ya petroli inapaswa kuchoma takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Uwiano huo ukiyumba kwa muda mrefu, masega hulemewa.

Tabaka hilo lina pia kiungo kiitwacho seria, ambacho hufanya kazi kama ghala la oksijeni. Hewa inapozidi, seria huhifadhi oksijeni. Mafuta yanapozidi, huitoa ili yaungue. Msomaji alikumbuke ghala hili, kwa kuwa ndilo kiini cha msimbo P0420.

Ni vyema pia kufahamu kwamba vifaa hivi havingedumu nchini enzi za petroli yenye madini ya risasi, kwa sababu risasi huyafunika madini ya thamani na kuyaua. Wajumbe wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara walikubaliana mjini Dakar, Senegal, mnamo Juni 2001 kuachana na petroli hiyo, na kufikia Januari 2006 ilikuwa imeondolewa katika eneo hilo, Kenya ikiwemo. Ndiyo maana baadhi ya pikapu zilizoundwa kwa ajili ya soko la Afrika katika miaka hiyo hazikuwekewa masega kamwe. Kabla ya kugharimika, inama chini ya gari uhakikishe kwamba kifaa hicho kipo.

Kompyuta hujuaje kwamba masega yamechoka?

Gari lenye mfumo kamili wa kujichunguza huwa na sensa mbili za oksijeni kwenye ekzosi. Ya kwanza iko mbele ya masega, karibu na injini, na kazi yake ni kuieleza kompyuta iwapo mafuta yamezidi au yamepungua. Ya pili iko nyuma ya masega, nayo hukagua kazi iliyofanywa.

Katika sensa ya kawaida, umeme hupanda na kushuka baina ya takriban volti 0.1 na volti 0.9. Juu ya volti 0.45 ni dalili ya mafuta kuzidi, na chini yake ni dalili ya hewa kuzidi. Sensa ya mbele hupanda na kushuka upesi kwa sababu kompyuta huongeza na kupunguza mafuta kila mara. Baadhi ya pikapu, zikiwemo Toyota nyingi, huwa na sensa ya mbele ya aina tofauti inayopima uwiano moja kwa moja, hivyo fundi asiisome kwa kipimo hicho cha volti.

Masega yakiwa mazima, ghala la seria humeza mawimbi hayo yote. Sensa ya nyuma basi hutulia, mara nyingi karibu na volti 0.6 au 0.7 gari likienda kwa mwendo usiobadilika. Ghala likichakaa, mawimbi hupita bila kuzuiwa, na sensa ya nyuma huanza kuiga ile ya mbele. Kompyuta ikiona hali hiyo katika safari zaidi ya moja, kwa kawaida mbili, huwasha taa na kuandika P0420.

Mfumo huu wa pamoja, uitwao OBD-II, ulikuwa wa lazima kwa magari madogo yaliyouzwa Marekani kuanzia matoleo ya 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa sababu hiyo, misimbo inayoanza na P0 ina maana moja kwa watengenezaji wote. Ifuatayo ndiyo inayoandamana mara kwa mara na matatizo ya masega:

P0420: Utendaji wa masega wa upande wa kwanza wa injini umeshuka chini ya kiwango. Injini yenye silinda nne katika mstari mmoja ina upande mmoja tu.

P0430: Tatizo hilo hilo katika upande wa pili. Msimbo huu huonekana kwenye injini za V6 na V8.

P0300: Silinda mbalimbali zinakosa kuwaka. P0301 hadi P0304 hutaja silinda yenyewe, kuanzia ya kwanza hadi ya nne.

P0171: Hewa imezidi mafuta. P0172: Mafuta yamezidi hewa.

P0130 hadi P0135: Hitilafu katika sensa ya mbele, nyaya zake au kipasha joto chake.

P0136 hadi P0141: Hitilafu za aina hiyo katika sensa ya nyuma.

Hatua ya kwanza: Soma yote kabla ya kufuta lolote

Kosa kubwa linalofanywa gerejini ni kufuta misimbo kabla ya kuiandika. Kompyuta inapowasha taa, huhifadhi pia picha ya hali ilivyokuwa wakati huo: mwendo wa gari, mizunguko ya injini, joto la maji ya rejeta na kiasi cha mafuta kilichokuwa kikiongezwa au kupunguzwa. Ukifuta misimbo, picha hiyo hupotea. Ni sawa na mpelelezi anayepiga deki mahali palipotendeka uhalifu.

Mwambie fundi aandike misimbo yote pamoja na picha hiyo kwenye karatasi. Iwapo kuna msimbo mwingine kando ya P0420, anza na huo mwingine. Silinda isiyowaka, mafuta yaliyozidi au sensa yenye hitilafu inaweza kuzaa P0420. Mara chache mambo huwa kinyume.

Tazama pia jinsi taa inavyowaka. Ikitulia bila kupepesa na gari likaenda kama kawaida, una muda wa kuchunguza kwa utulivu. Ikipepesa, maana yake ni kwamba silinda inakosa kuwaka kiasi cha kuyaunguza masega sasa hivi. Punguza mwendo, ondoa mzigo kwenye injini na utafute fundi siku hiyo hiyo. Petroli mbichi inayoingia kwenye masega huungulia humo, joto likapita nyuzi 1,000, na tabaka la madini likaharibika. Joto likizidi zaidi, kauri yenyewe huyeyuka na kuziba njia.

Hatua ya pili: Moto na mafuta

Tuseme skana ya pikapu yetu imeonyesha P0420 pamoja na P0302. Silinda ya pili haiwaki ipasavyo. Kabla ya kununua chochote, hamisha koili ya silinda ya pili uiweke kwenye ya tatu, na ya tatu uilete kwenye ya pili. Futa misimbo mliyokwisha kuandika, kisha liendeshe gari. Msimbo ukihama na kuwa P0303, koili ndiyo mbovu. Ukibaki P0302, badilishana plagi kwa njia iyo hiyo. Ukizidi kubaki hapo hapo, kagua nozeli ya mafuta na upime mgandamizo wa silinda. Jaribio hili halihitaji kipuri hata kimoja, ila muda tu.

Iwapo hakuna silinda inayokosa moto, mwombe fundi akuonyeshe marekebisho ya mafuta ya muda mrefu. Ni asilimia inayoonyesha jinsi kompyuta inavyoongeza au kupunguza mafuta ili kusawazisha uwiano. Kwa gari zima huwa haizidi 10, iwe juu au chini ya sifuri.

Tuchukue mfano. Injini ikiwa imepoa mguu, yaani inanguruma bila kukanyagwa, inaonyesha asilimia 18 juu ya sifuri; kwa mizunguko 2,500 kwa dakika inashuka hadi asilimia 4. Hiyo ni dalili ya hewa kuingia isikotakiwa, mathalan kupitia mpira uliopasuka au gasketi ya njia ya hewa. Hewa hiyo ya wizi huonekana zaidi injini inapovuta hewa kidogo. Mambo yakiwa kinyume, kiasi kikipanda mzigo unapoongezeka, shuku pampu ya mafuta au filta iliyoziba. Kiasi kikiwa chini sana ya sifuri, basi mafuta yamezidi: nozeli inavuja, shinikizo la mafuta limepita kiasi, au kipimo cha hewa inayoingia kinadanganya.

Ubora wa petroli nao usisahaulike. Mnamo 2018 serikali ya Kenya ilianzisha tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa, lengo likiwa kuwavunja moyo wafanyabiashara waliokuwa wakiyachanganya na mafuta mengine. Petroli iliyochanganywa na mafuta taa haiungui vizuri, na mabaki yake huenda kuungulia kwenye masega. Kama taa iliwaka muda mfupi baada ya kujaza tangi katika kituo usichokizoea, taja jambo hilo kwa fundi.

Hatua ya tatu: Ekzosi inayovuja

Pikapu iliyozoea barabara za mawe na matope huwa imelehemiwa ekzosi mara kadhaa. Tundu dogo karibu na sensa laweza kuizulia kesi masega mazima. Moshi hutoka kwa mapigo, na baina ya pigo na pigo shinikizo hushuka kiasi kwamba hewa ya nje hufyonzwa ndani kupitia tundu hilo. Sensa ya nyuma ikionja hewa hiyo, hutoa taarifa ya uongo.

Kagua injini ikiwa baridi. Tafuta alama nyeusi za masizi kwenye viungo, gasketi na mishono ya kulehemu. Kisha washa injini na mtu azibe bomba la nyuma kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache huku wewe ukisikiliza. Mlio wa kufoka utakuonyesha mahali penyewe. Kazi hii ifanyiwe nje, kwenye hewa ya kutosha, kwa sababu kaboni monoksidi haina harufu wala rangi.

Hatua ya nne: Je, shahidi anaaminika?

Sensa za oksijeni huchakaa. Baada ya kilomita laki kadhaa, sensa huanza kuwa nzito kujibu, na nyaya zake huenda zimeungua kwa kugusa ekzosi. Injini ikiwa imepata moto, tazama mchoro wa sensa ya nyuma kwenye skana. Kanyaga mafuta kwa ghafla. Volti zinapaswa kupanda. Achilia, zinapaswa kushuka. Sensa inayotulia mahali pamoja bila kujali kinachotendeka ni mbovu au nyaya zake zimekatika.

Hapa kuna jambo linalowakanganya wengi. Sensa ya nyuma iliyolala haileti P0420, kwa sababu mstari wake uliotulia hufanana na wa masega mazima. Kwa hiyo kubadilisha sensa ya nyuma kiholela kwa matumaini ya kuzima P0420 mara nyingi ni kutupa fedha. Sensa mpya itasoma vizuri zaidi na kuthibitisha kwamba masega yamechoka.

Hatua ya tano: Masega yenyewe

Ukiwa umemaliza hatua hizo nne, sasa waweza kumgeukia mshukiwa. Mambo mawili tofauti huyapata masega. Yanaweza kuchoka, yakapitisha moshi bila kuusafisha. Au yanaweza kuziba, yakazuia moshi kutoka. Yaliyochoka huwasha taa bila kulizuia gari kwenda. Yaliyoziba hulifanya gari liwe zito mlimani, lichemke, na wakati mwingine lizime.

Anza kwa kuyagonga polepole kwa nyundo ya mpira yakiwa baridi. Yakitoa mlio wa vipande vinavyocheza, kauri imevunjika. Kwa kupima kuziba, fundi aondoe sensa ya mbele na afunge geji ya shinikizo mahali pake. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, shinikizo lisizidi takriban kilopaskali 10. Kwa mizunguko 2,500 kwa dakika lisizidi takriban 20. Likizidi hapo, njia imezibwa.

Asiye na geji hiyo anaweza kutumia geji ya mvuto wa hewa inayounganishwa kwenye njia ya hewa ya injini. Kule Mombasa, injini nzima huonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki ikinguruma bila kukanyagwa. Kipimo hupungua kwa karibu inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko, hivyo jijini Nairobi inchi 12 hadi 16 si ugonjwa. Shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika moja. Mshale ukizidi kushuka polepole badala ya kutulia, ekzosi imeziba.

Mafundi wengine hupima joto la mbele na la nyuma ya masega kwa kipimajoto cha miale, wakitarajia nyuma pawe na joto zaidi. Kipimo hicho ni kidokezo tu. Injini inayochoma mafuta vizuri humwachia masega kazi kidogo, na tofauti ya joto ikawa ndogo ingawa kifaa ni kizima.

Nani aliyeyaua?

Masega yaliyotengenezwa vyema yanaweza kuishi karibu umri wa gari lenyewe. Yakifa mapema, sababu kuu ni tatu. Ya kwanza ni joto la kupindukia linaloletwa na silinda zisizowaka au mafuta yaliyozidi. Ya pili ni oili. Injini yenye ringi za pistoni au sili za valvu zilizochakaa hupitisha oili kwenye moshi, na oili hiyo ina fosforasi na zinki ambazo hujipaka juu ya madini ya thamani. Ya tatu ni maji ya rejeta yanayopenya kwenye silinda kupitia gasketi ya hedi iliyoungua, kwa kuwa viambato vyake huacha utando kwenye kauri.

Basi kabla ya kununua masega mengine, pima oili asubuhi, tembea kilomita 1,000, kisha upime tena. Angalia kama maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja nje. Ikiwa gari linakunywa lita nzima ya oili katika umbali huo, fedha za masega zielekezwe kwanza kwenye injini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kununua, kung'oa au kudanganya?

Masega ya asili ya mtengenezaji ni ghali kwa sababu ya madini yaliyomo. Mnamo 2021 bei ya rodiamu katika soko la dunia ilipita dola 20,000 za Marekani kwa aunsi, na wizi wa masega ukashamiri katika nchi nyingi. Ndiyo maana fundi anayekushauri uyaondoe bure, kisha akabaki nayo, amejilipa vizuri. Hata masega yaliyochoka yana thamani kwa wanaoyeyusha madini. Ukiyabadilisha, dai upewe yale ya zamani.

Masega ya bei nafuu yapo, lakini mengi yana madini haba. Huzima taa kwa miezi kadhaa, kisha P0420 hurudi. Yaliyotumika yaliyong'olewa kwenye gari jingine huja na umri wake na historia usiyoijua. Ukilazimika kununua ya bei nafuu, dai stakabadhi na dhamana ya maandishi, na uhakikishe kwamba yanalingana na injini yako.

Kung'oa kabisa kuna wafuasi wengi wanaodai kwamba gari huwa jepesi. Ukweli ni kwamba wepesi huo husikika ikiwa masega yalikuwa yameziba. Yakiwa wazi, faida ni ndogo mno. Taa huendelea kuwaka, na dereva anayeizoea hatajua siku ambayo itawaka kwa sababu nyingine kubwa zaidi. Kuna pia hila ya kuiondoa sensa ya nyuma kwenye moshi kwa kuiwekea kipande cha bomba ili iidanganye kompyuta. Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Na wanaolipa ni wale wanaovuta moshi huo: mchuuzi wa kando ya barabara, mtoto anayesubiri matatu, na abiria waliopanda nyuma ya pikapu hiyo.

Kwa anayenunua pikapu iliyotumika

Kiwango cha KS 1515 hakiruhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo pikapu nyingi zenye kilomita nyingi mno sokoni zimetumika humu humu nchini na kupitia mikono ya mafundi kadhaa. Mnunuzi achukue hadhari zifuatazo.

Kwanza, funguo zikigeuzwa kabla ya injini kuwashwa, taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, yumkini imeng'olewa au kuzibwa.

Pili, unganisha skana na uangalie orodha ya ukaguzi ambao kompyuta imeukamilisha. Ukaguzi wa masega na wa sensa ukionyesha kwamba haujakamilika, misimbo imefutwa hivi karibuni au betri ilitolewa. Omba uliendeshe gari kwa muda, injini ikiwa moto, kwa mwendo usiobadilika wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa, kisha usome tena. Ukaguzi mwingine huhitaji safari ya siku ya pili, kwa hiyo usiharakishwe kutoa fedha.

Tatu, inama chini ya gari. Tafuta mishono mipya ya kulehemu mbele na nyuma ya masega, au bomba lililonyooka mahali ambapo kifaa kilipaswa kuwa. Gamba la masega laweza kuwepo huku ndani yake ni patupu.

Nne, mtu akanyage mafuta nawe usimame nyuma. Moshi wa buluu ni oili, moshi mweusi ni mafuta yaliyozidi, na moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto ni maji ya rejeta. Kila mmoja wao ni adui wa masega.

Baada ya matengenezo, misimbo ifutwe mara moja tu, kisha gari liendeshwe hadi kompyuta imalize ukaguzi wake. Taa ikikaa bila kuwaka baada ya ukaguzi kukamilika, kazi imefanyika. Na katika majira ya kiangazi, usiegeshe gari lililotoka safarini juu ya majani makavu, kwani joto la masega laweza kuyawasha.

Kwa jumla, mashine ya kusoma hitilafu haijui kipuri gani kibadilishwe. Inajua tu kilichopimwa, wapi na lini. Mwenye pikapu anayemtaka fundi wake aeleze, kwa maandishi, misimbo yote iliyopatikana na kipimo kilichothibitisha kila moja, ataokoa fedha nyingi kuliko yule anayeuliza tu bei ya masega.